Usingizi: shajara ya kikundi cha maigizo, Tanga

Wiki ya 1

Nilitegemea vijana 30, wamekuja 16. Wasichana 9, wavulana 7, wengi wao kidato cha kwanza mpaka cha tatu, na wawili waliomaliza kidato cha nne ambao bado wanasubiri maisha yaamue. Tumepewa darasa la mwisho la shule moja huku Ngamiani, Jumamosi saa tatu mpaka saa sita. Madawati tumeyasukuma ukutani, sakafu nimefagia mwenyewe. Majina ya vijana sitayaandika humu, wala la shule.

Nimeanza kwa kuwaomba wajigawe makundi matatu na kila kundi linionyeshe igizo lolote wanalolijua, dakika tano, bila maelezo. Kundi la kwanza: binti kapata mimba, baba kamfukuza, mzee kaja kushauri. Kundi la pili: kijana kavuta bangi, polisi wamemkamata, mzee kaja kushauri. Kundi la tatu: mtoto yatima, mama wa kambo, chai ya sumu, na mzee, ambaye safari hii alichelewa kwa sababu ndevu zilikuwa zimeanguka.

Wazee wote watatu ni mvulana mmoja. Mrefu, sauti ya chini, amekuja na pamba yake ya ndevu kwenye mfuko wa daftari. Fimbo kaivunja kwenye mwarobaini hapo nje. Kila igizo lilipofika mwisho alisogea mbele, akawapa wenzake mgongo, akatutazama sisi: "Kwa hiyo ndugu watazamaji, igizo letu linatufundisha kwamba..." Makofi.

Nimecheka sana. Halafu njiani nikirudi nyumbani kicheko kikanikauka, maana hivyo hivyo ndivyo nilivyoigiza mimi nikiwa na umri wao.

Matumizi: maji ya kunywa, mihogo ya kukaanga na kachumbari ya watu 17. Sh 14,500.

Wiki ya 2

Nimejiuliza wiki nzima tumeutoa wapi ugonjwa huu wa ujumbe. Sehemu yake, nadhani, tumeirithi kwenye ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi wasaidie kulieneza, na Mathias Mnyampala, mwenyekiti wa UKUTA, chama cha washairi wa Kiswahili, akaichukua ngonjera kama jembe la kulimia shamba hilo. Umbo lake kila aliyesoma shule ya msingi analijua: wawili wanapingana kwa beti, mmoja hajui, mwingine anajua, na mwishoni asiyejua anakubali, wanaimba pamoja, mgeni rasmi anatikisa kichwa. Kama sanaa ya jukwaani mimi naipenda bado. Lakini limetuingia mwilini wazo kwamba igizo ni ugomvi ambao mshindi wake anajulikana kabla pazia halijafunguka. Baadaye zikaja semina za wafadhili, na kila igizo likawa na mstari wake kwenye ripoti: ujumbe uliofikishwa, watu waliofikiwa. Nimewahi kulipwa posho kwa kazi hiyo, sijivui.

Na si kwamba njia nyingine hatujawahi kuwa nayo. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme, mradi wa kuwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuchunguza wenyewe kinachowakwamisha shuleni, kukitungia igizo, kuliigiza mbele ya walimu na wenzao, na kujadiliana hapo hapo. FAWE, jumuiya ya wanawake wa Afrika inayoshughulikia elimu ya wasichana, ikaupeleka mpaka nchi nyingine za Afrika. Litazame jina lenyewe. Halisemi "Tuwaambie."

Leo nimepiga marufuku kusema. Saa tatu nzima, mikono tu. Onyesha kazi unayoijua kwa mikono yako, mpaka sisi tuione ile kitu ambayo haipo.

Wengi walianza na simu. Unaipokea, macho yanatoka, unaitupa, unaanguka magoti, mkono kwenye paji la uso. Huko ni kwenye filamu za kibongo, nimewaambia, simu ya shilingi laki tatu hakuna anayeitupa. Wakacheka, wakaanza upya. Msichana mmoja akapiga pasi ya mkaa. Mwingine akasuka nywele za mtu ambaye hakuwepo, na ukaiona kabisa namna mtu huyo alivyokuwa anavuta kichwa.

Kisha akasimama mvulana mdogo kuliko wote, ambaye wiki iliyopita hakufungua mdomo. Akaziba pancha. Akalaza baiskeli juu chini. Akatoa tairi kwa vijiko viwili, akavuta tyubu, akaijaza upepo, akaizungusha kwenye karai la maji kipande kwa kipande akitafuta mapovu. Alipoyaona aliweka kidole gumba hapo na hakukiondoa tena, akatafuta msasa kwa mkono mwingine. Akakwaruza. Akapaka gundi, akapuliza, akangoja. Kungoja kule ndiko kulikotumaliza. Dakika nzima anaipungia gundi isiyokuwepo ikauke, na sisi 16 tunaingoja naye. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mtu akasema, "Bado hujajaza upepo." Akajaza.

Hakukuwa na ujumbe wowote humo, na sijawahi kuona watoto wametulia vile.

Wiki ya 3

Mvua. Wamekuja 12. Mazoezi ya pumzi: kulala chali, daftari juu ya tumbo, daftari lipande na kushuka. Mvulana wa ndevu kalala kweli, kakoroma. Tumemwacha.

Suala la simu. Nilikuwa nimekataza simu ndani ya darasa, na nilikuwa na hotuba yangu tayari kuhusu klipu za dakika moja zinavyoua uigizaji. Kuna msichana wa kidato cha tatu anayetengeneza klipu hizo na shangazi zake, anazirekodi jikoni. Akaniomba nitazame moja kabla sijahutubia. Nikatazama. Kabla ya neno la kuchekesha anahesabu kimyakimya, mbili, wakati mwingine tatu, uso haujatikisika, ndipo analiachia. Nimewahi kuona waigizaji wenye vyeti wasioweza kungoja hesabu mbili. Nikamuuliza nani kamfundisha. "Ukiwahi, Anti, watu hawacheki." Nimefuta hotuba. Simu sasa zinaruhusiwa dakika kumi za mwisho, na huyu ndiye mwalimu wetu wa kungoja.

Wiki ya 4

Leo nimeleta zoezi ambalo walimu wa maigizo wanalitumia kila mahali: mwigizaji anakaa mbele akiwa bado ni mhusika, wenzake wanamuuliza maswali, naye anajibu kama mhusika, siyo kama yeye. Kwa Kiingereza linaitwa "hot seat", na kwa uzembe nikalitafsiri jina hilo neno kwa neno. Nikasema, "Leo tunakaa kiti moto."

Darasa likalipuka. "Anti, sisi Waislamu!" Mmoja akajifanya kukimbia mlangoni. Kwa msomaji asiye wa Tanzania: kitimoto ni nyama ya nguruwe, na hapa Tanga huwezi kuliweka neno hilo mbele ya vijana halafu utegemee utulivu.

Basi mlinzi akatukopesha kibao cha mbuzi cha mkewe, kile cha kukunia nazi. Unakaa kwa uangalifu maana meno ya chuma yako mbele yako, na ukijisahau unakwaruzika goti. Nikagundua kinafaa kuliko kiti chochote, kwa sababu mtu aliyekaa juu yake hawezi kuegemea wala kujitanua. Anajibu. Sasa zoezi linaitwa kukaa mbuzi, na nina hakika litabaki na jina hilo hata nikiondoka.

Aliyekaa mbuzi wa kwanza ni mzee wa busara, na pamba yake. Swali la kwanza, kutoka kwa mtoto wa pancha: "Babu, wewe nyumbani kwako una wajukuu wangapi?" Kimya. Swali la pili: "Umekula nini leo?" Kimya tena. La tatu: "Nani alikuita hapa?" Akanigeukia mimi. "Anti, mzee hana nyumba." Ni kweli. Mzee wetu hana nyumba, hana mke, hana njaa, hajawahi kukosea. Anatokea tu. Nikapendekeza apumzike mpaka tutakapojua anakaa wapi.

Amekasirika. Ameondoka bila kuaga, pamba kaiacha dirishani.

Wiki ya 5

Amerudi, amenuna. Nimempa shikamoo yake ya uchokozi, "Shikamoo babu," akaitikia marahaba bila kunitazama, nikajua tumepona.

Leo tumetafuta kisa. Sharti langu moja: kisiwe kitu ulichosikia kwenye semina, kiwe kitu ulichokiona kwa macho wiki hii. Na sharti la pili, ambalo kwangu si la mjadala: hakuna anayesimulia yake kama yake. Tunachanganya visa vya watu watatu wanne mpaka hakuna anayeweza kunyoosha kidole. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatutaka tulinde heshima na faragha ya watoto, lakini hata ingekuwa haipo, mtaa huu ni mdogo.

Vikaja visa 20 na kitu. Bodaboda anayedai nauli mara mbili. Mtu aliyeiba ndoo msibani. Ndipo binti mmoja wa kidato cha pili akasema, taratibu, kuhusu msichana anayelala darasani. Kila siku, kipindi cha pili. Mwalimu anamtoa nje asimame juani. Anarudi, analala tena. Nyumbani mama anauza vitumbua, na msichana anaamka saa tisa usiku kupiga unga na kuwasha jiko ili saa kumi na mbili vitumbua viwe kituoni.

"Unamfahamu?" aliuliza mtu.

"Ni jirani."

Sikuongeza swali. Wengine wanne wakasema wanamjua mtu kama huyo, mmoja ni wa chapati, mmoja ni wa maandazi, wawili ni wa kuteka maji. Igizo likapatikana. Jina: Usingizi.

Wiki ya 6

Darasa limefungwa, funguo hazijulikani zilipo. Wamekuja 7. Tumefanyia barazani, tukiwa tumebanana kama dagaa. Sina la kuandika.

Wiki ya 7

Jikoni. Tumetumia kipindi chote kwenye onyesho la kwanza, na ni dakika tatu tu.

Giza. Mama na binti. Mchele umelowekwa tangu jana, umeshasagwa, unga umeumuka. Binti anaupiga, mama anapuliza mkaa. Hawaongei, maana saa tisa usiku hakuna mwenye maneno. Msichana wa klipu anacheza mama. Wa kidato cha pili hakutaka kumcheza binti, nami nilishukuru. Nafasi hiyo kaichukua mwenzake wa kidato cha kwanza. Yule wa kidato cha pili amejipa kazi ya kuwasahihisha, na hapo ndipo tulipojua anajua. "Usimimine ukiwa umesimama, utachoka, inama hivi." "Kile kishimo cha katikati kinawahi kuungua, anzia pembeni." "Ukigeuza, kijiti kipite chini yake, usikichome katikati, utakitoboa." Mpaka mwisho wa kipindi tulikuwa na kikaango cha vitumbua kisichoonekana ambacho kila mtu darasani alijua kina vishimo saba na kile cha katikati kina moto mkali.

Ikabaki swali la mvulana wetu mrefu. Kila mtu amepata nafasi isipokuwa yeye. Mtoto wa pancha, ambaye sasa anaongea sana, akasema: "Hiyo nyumba haina mwanaume?" Ina kaka. Yuko wapi saa tisa usiku? Amelala. Basi alale.

Ndiyo nafasi aliyopewa: kulala chini ya shuka pembeni ya jukwaa, kuanzia mwanzo wa igizo mpaka mwisho, bila neno hata moja. Alitutazama sote kwa zamu. "Nimetoka kuwa mzee wa busara, nimekuwa godoro."

Lakini analala vizuri, kwa kweli. Ule mkoromo wa wiki ya tatu umerudi, na amejua kuupunguza wakati wenzake wanaongea.

Wiki ya 8

Hakuna mazoezi, mfungo sita, nusu ya kikundi wako kwenye maulidi. Nami nimehudhuria kwa jirani. Nimetazama vijana kwenye safu wamepiga magoti, tari zinalia, mabega yanainama na kuinuka kama mtu mmoja, na nikawaza daftari zangu za kuweka juu ya tumbo. Watoto hawa pumzi ya pamoja wanayo tangu madrasa. Mimi nilikuwa nawafundisha kwa lugha ya kigeni jambo wanalolifanya kila mwaka.

Wiki ya 9

Nimeomba tuonyeshe igizo shuleni, mbele ya wanafunzi na wazazi. Mkuu wa shule ni mtu mwema na mwoga, kama wakuu wengi wanaotaka kustaafu salama. Kataka mswada. Nimemwambia hatuna mswada, tunatunga kwa kuigiza. Nikampa karatasi moja yenye mpangilio wa matukio. Kairudisha baada ya siku mbili, imeandikwa kwa kalamu nyekundu chini kabisa: UJUMBE?

Woga wake nauelewa. Sote tuliona ya Kenya, ambako tamasha la drama la shule lina historia tangu 1959 na shule zinapanda ngazi kwa ngazi mpaka taifa. Aprili 2025, Nakuru, wanafunzi wa Butere Girls walipanda jukwaani na igizo ambalo wakubwa hawakulitaka, mahakama ikiwa imesema waruhusiwe, nje mabomu ya machozi yanalia. Waliimba wimbo wa taifa wakashuka. Tangu siku ile kila mkuu wa shule anayeombwa jukwaa, hata huku kwetu ambako kisa ni vitumbua, anaona gari la polisi getini.

Nikarudi nyumbani, nikakaa mezani, nikaandika mwisho. Mwalimu anagundua ukweli, anamwomba binti radhi, anamtembelea mama, mama analia, shule inampa binti ruhusa ya kuchelewa. Ulikuwa mwisho mzuri. Jumamosi nikawasomea.

Kimya. Msichana wa klipu akahesabu mbili zake.

"Anti, huyo ni mzee wa busara. Umemvalisha gauni tu."

Nimechana karatasi mbele yao. Iliniuma kidogo, naandika hapa ili nisijidanganye baadaye kwamba nilicheka.

Wiki ya 10 na 11

Mwisho tulioupata: mama ameitwa shuleni. Mama na mwalimu wamekaa benchi moja, binti katikati. Mwalimu anamweleza mama, mama anamweleza mwalimu, kila mmoja ana haki, sauti zinapanda, na katikati yao binti kichwa kinaanza kuanguka, kinainuka, kinaanguka, mpaka kinatua kwenye bega la mwalimu. Wote wawili wananyamaza ili wasimwamshe. Basi.

Pembeni, chini ya shuka, kaka anageuka upande wa pili.

Baada ya hapo tunawapa watazamaji igizo. Njia hii nimeitoa kwa Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazil. Yeye alikuwa akiwaomba watazamaji wapendekeze suluhisho, waigizaji waliigize. Mwaka 1973, akiwa Peru, mama mmoja hakuridhika na namna waigizaji walivyolicheza pendekezo lake. Walijaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bado siyo. Mwishowe akapanda mwenyewe na kuonyesha alichokuwa anakisema. Tangu hapo Boal akawaachia watazamaji waingie. Nimewasimulia vijana, wakaniuliza yule mama alikuwa na hasira ya nini. Ya mumewe, nikasema. Wakaridhika.

Zoezi kubwa wiki hizi mbili limekuwa kujifunza kutomsaidia anayeingia. Mtazamaji akiingia na suluhisho jepesi, usimkubalie kwa heshima. Mkatalie kama maisha yangemkatalia. Hili ni gumu kwa watoto waliolelewa vizuri.

Mkuu kakubali, kwa masharti mawili: kusiwe na fimbo jukwaani, na yeye atoe neno la mwisho.

Wiki ya 12. Onyesho

Jumatano, saa tisa alasiri, chini ya mwembe. Wanafunzi kama 200 wamekaa chini, walimu kwenye viti, wazazi 12 kwenye mikeka, wengi akina mama. Hatuna maikrofoni. Upepo kutoka baharini ulikuwa upande wetu.

Katikati ya onyesho la jikoni, adhana. Hatukuwa tumepanga. Mama alikuwa ameinua kijiti, binti ameinamia kikaango. Waliganda. Adhana nzima wameganda vile, kijiti hewani, mkono unatetemeka, na kaka chini ya shuka akaacha kukoroma. Muadhini alipomaliza kijiti kikashuka, kitumbua kikageuzwa. Uwanja mzima ukapumua. Huwezi kufundisha kitu kama kile.

Igizo likaisha kwenye bega la mwalimu. Nikasimama, nikasema: tutalirudia, na safari hii yeyote anayeona angefanya tofauti apige kofi moja, aingie, achukue nafasi ya amtakaye.

Wa kwanza, mvulana wa kidato cha tatu, akachukua nafasi ya binti. Akavuka mikono: "Mama, leo siamki." Wenzake wakashangilia. Mama akaendelea kupuliza mkaa. "Sawa baba. Lala. Na lile daftari la hesabu uliloniomba jana, kamwombe usingizi wako akununulie." Mvulana akatafuta jibu kwenye nyuso za wenzake, halikuwepo, akarudi kukaa huku akipigiwa makofi ya pole.

Wa pili alikuwa mwalimu wa hesabu, mwalimu kweli, kwa hiari yake. Akachukua nafasi ya mwalimu wa kwenye igizo. Binti kalala dawatini. Alimwendea, akainama, akauliza kwa sauti ya kawaida tu: "Umelala saa ngapi?" Yule mtoto, ambaye hili hatukulifanyia mazoezi hata siku moja, akajibu, "Saa tano. Nimeamka saa tisa." Mwalimu akasimama pale. Akasema, "Haya, lala dakika kumi, nitakuamsha tukifika kwenye mfano." Kelele za wanafunzi zilifika barabarani. Alipokuwa anarudi kwenye kiti akanipitia na kuninong'oneza, "Na wote sitini wakitaka dakika kumi?" Sikuwa na jibu na hakulingoja.

Wa tatu hakupiga kofi. Alisimama tu, mama wa makamo, kanga ya pili kajifunga kiunoni, akaja moja kwa moja kwenye bakuli letu lisilokuwepo. "Mwanangu, huo unga hujaupiga, umeutekenya." Akakaa chini, akaupiga. Mkono wote, kuanzia begani. Nilimwona yule binti wa kidato cha pili, aliyekuwa kwenye kundi letu pembeni, anatazama ardhi. Mama alipiga unga dakika nzima, kisha akauliza akiwa hajainua macho: "Sasa nani mwingine aamke? Niambieni. Mimi nimeshaamka." Nilimshukuru, akarudi mkekani. Sikumuuliza mwanawe ni nani.

Nilidhani tumemaliza. Mkuu alikuwa ameshafunga vifungo vya koti. Ndipo mtoto wa kidato cha kwanza, mstari wa mbele kabisa, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mwalimu, yule aliyelala kule ni nani?"

Watu 200 wakageuka kutazama shuka. Lilikuwa pale tangu mwanzo, mbele ya macho ya kila mtu, na hakuna aliyekuwa ameliuliza. Nikasema: ni kaka wa binti. Mnataka kumuuliza? Wanataka. Akaja amejifunika shuka mabegani, akakaa mbuzi, akajikwaruza goti kidogo kama kawaida yake.

"Una miaka mingapi?" Kumi na tisa. "Unasoma?" Nimemaliza. "Unafanya kazi gani?" Natafuta. Vicheko. "Vitumbua unakula?" Nakula. Vicheko zaidi, na akina mama mkekani wameanza kusogeleana. Kisha yule yule mdogo: "Kwa nini huamki?"

Huyu ni kijana aliyekuja kwetu na jibu la kila swali, na ndevu za kulibebea. Nilimwona anafungua mdomo, anaufunga. Nilihesabu mbili, nikahesabu tatu, nikafika sita. Alitazama upande wa jikoni.

"Mimi hakuna aliyewahi kuniamsha."

Kwenye mkeka mtu akacheka, kicheko kifupi cha puani. Mwingine akasema, "Eeh." Msichana wa klipu, ambaye bado alikuwa mama, bado na kijiti mkononi, akageuka akamtazama, na hilo nalo hatukulipanga. Hakusema kitu. Nikaliacha hapo.

Mkuu akasimama, akatoa ujumbe. Dakika 12. Bidii, nidhamu, lishe bora. Sikumlaumu, ndilo neno tulilokubaliana. Wakati anaongea niliona vichwa mstari wa mbele bado vimegeukia kibao cha mbuzi.

Wiki ya 13

Hesabu. Makusanyo yote tangu Julai: Sh 310,000, nusu kutoka kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi jirani yangu, nusu mfukoni kwangu na kwa rafiki wawili. Matumizi Sh 287,500, karibu yote yamekwenda kwenye mihogo, maji na nauli za wanaotoka mbali. Hakuna vazi tulilonunua. Zimebaki Sh 22,500.

Mwalimu wa hesabu amekuja kuniuliza kama sanaa za maonyesho inaweza kurudi kama somo hapa shuleni, maana kwenye orodha ya masomo ya sekondari ipo. Ipo. Wa kulifundisha ndiye hayupo, na mimi nina watu 19 kila Jumamosi, maana wameongezeka watatu. Nimemwambia aje Jumamosi akae mbuzi kwanza.

Wavulana wameniuliza kama igizo lijalo linaweza kuwa na mzee. Nimesema linaweza, mradi tujue amekula nini leo.

Yule mama wa unga amepita getini asubuhi na beseni lake, akatuachia vitumbua 20, akakataa hela. Akamwona mvulana mrefu anafagia. "Ah, umeamka?" Kila mtu amelisikia, na sasa ndiyo salamu yake, hatapona mwaka huu.

Jumamosi ijayo tunaonyesha sokoni, saa kumi jioni. Vinavyohitajika: benchi, kibao cha mbuzi (mke wa mlinzi anakitaka kabla ya saa moja usiku, ana wageni), na shuka. Shuka ni chafu, limeburuzwa chini ya mwembe. Kaka amesema atalifua mwenyewe. Leo Alhamisi bado liko stoo.